Kituo cha Mashairi Yasiyo na Mizani

Mimi Phineas Osundwa, mwenyekiti, nina miaka sabini na tisa, na nimeshazika machifu wanne, fahali kumi na mmoja, na meno yangu yote isipokuwa matatu ambayo bado yanamenya muwa. Kwa hivyo nikisema kitu, msikohoe.

Mheshimiwa Chifu, Mheshimiwa Naibu wa Chifu, Waheshimiwa Wazee wa Kijiji, Padri, Imamu, akina mama wa kwaya, stekholda, yaani wadau, wote wa miwa na wa mashairi wa Musanda nzima, na wewe Bwana Sifuna uliyekuja kutafuta kiti changu: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Makofi ya wastani.)

Leo mnapiga kura kama nibaki mwenyekiti wa Kamati ya Ushairi wa Kisasa, ama kiti kiende kwa Sifuna, ambaye alikuwa karani wa mizani ya miwa na hajui shairi hata likimuuma. Sitajitetea. Nitataja kazi tu.

Miaka mitatu imepita tangu nigundue shairi la siku hizi. Mbele ya hapo nilijua yale ya shule, ambayo nilisoma mpaka darasa la tatu nikatoka, kwa sababu mwalimu aliishiwa na vitu vya kunifundisha. (Kicheko.) Siku hiyo, kwa ukumbi wa kanisa, alisimama Lynette, binti ya Ayuma, huyu anayesomea kuchomelea vyuma kule chuo cha Sigalagala, akashika karatasi akasema: "Mama amerudi. Shamba zima limo ndani ya kucha zake. Tunamletea maji. Ananawa ekari." Halafu akaketi! Nikangoja vina. Nikangoja. Hakuna. Nikasimama kama kawaida yangu, nikauliza, "Wewe mtoto, mizani iko wapi?" Akajibu, "Kuka," yaani babu, "mashairi yetu hayana mizani."

Jamani! Mimi nimeuza miwa miaka arobaini. Tani sita zikitoka kwangu, mizani inasemanga nne. Sasa naambiwa kuna kitu mtu anavuna kwa kichwa chake na hakipitii mizani? (Vigelegele.) Nikamwambia arudie. Akarudia. Mara ya tatu nikaona kucha za marehemu mke wangu Adhiambo, ambazo nilizionanga kila jioni na sikuwahi kuziangalia. Sikulia. Macho yalitoa jasho la kiofisi.

(Bwana Sifuna, kwa sauti: "Mizani ya shairi ni silabi, mzee! Ni hesabu ya sauti kwa mstari!")

Mmesikia? Karani ni karani. Hata sauti ya mtu anataka kuihesabu! (Kicheko kirefu. Bwana Sifuna anaketi.)

Toka siku hiyo kamati yangu imefanya utafiti wa fizibiliti, ikafanya pablik patisipesheni ya kuuliza wananchi, ikafanya ziara ya benchimaki ya kwenda Mukumu na kurudi siku hiyo hiyo, na ikathibitisha kitaalamu kwamba asilimia mia moja na sita ya wakazi wanapenda mashairi, hao sita wakiwa wageni. Mimi binafsi nimetunga kumi na tisa. Moja linahusu kuku za jirani wangu Dinah, na mwenyewe amekiri limemchoma kuliko barua ya chifu. (Dinah: "Na kuku bado nitafuga!")

Ndipo nikaahidi Kituo. Kituo cha Mashairi, nyuma ya soko, chenye paa, viti na taa, ili vijana waache kusomea mashairi pale kwa mashine ya kusaga, wakipigiana kelele na mahindi. (Makofi.) Mwenyekiti mwingine angekurupuka tu. Mimi nilishauriana na stekholda. Jana nilimuuliza Lynette, "Shairi la kisasa linahitaji kituo?" Akasema, "Hapana, kuka. Kituo ni ule mstari wa kufungia ubeti. Sisi tuliuacha." Nikafurahi mpaka nikasahau kofia! Wenye mashairi wenyewe hawataki kituo!

(Lynette: "Lakini kuka, mvua inatunyeshea!")

Andika hiyo, mtoto, hiyo ni shairi tayari! Na kila Jumamosi sebule yangu iko wazi, uji uko, mabati hayavuji. Lakini nitaanza kusoma mimi. (Vigelegele kutoka kwa vijana. Bwana Sifuna anashika kichwa.)

Sasa mniitikie. Mizani! (Chini!) Kucha! (Juu!) Osundwa! (Kicheko, kisha: Juu!)

Asanteni kwa kunichagua, maana nimeshaona mikono. Na wale wanaonong'ona ati saruji ya Kituo ilikuwa mbaya, ati ukuta una nyufa, shahidi wangu ni Ignatius, yule pale nyuma. Amelima mihogo katikati ya Kituo misimu mitatu mfululizo, na jembe lake halijagonga hata jiwe moja la msingi.