Mifumo Mitano ya Kuikwepa Pasi

Jumatatu, 6 Mei

Shangazi ameondoka asubuhi kwenda kumwona bintiye aliyejifungua. Karakana ya ushonaji ameniachia mimi, mpiga pasi wake kwa miaka tisa sasa. Kauli yake ilikuwa fupi: mwanangu, majoho arobaini ya kwaya yakiwa tayari Jumamosi, wewe utakuwa msimamizi. Yasipokuwa tayari, utaipiga pasi hiyo mpaka uzeeke nayo.

Usimamizi! Kiti chenye mgongo, na mikono isiyonuka mvuke.

Watawaliwa ni wawili. Mama Mkasi hukata vitambaa na kunena bila kuombwa. Bwana Kimya hushona kwa cherehani ya umeme iliyo dirishani, na haneni kabisa. Wote huniita Profesa. Naamini ni kwa heshima.

Tumekosa mfumo, basi. Nimeazima kitabu kinacholinganisha mifumo yote ya utawala na uchumi. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili. Unatosha.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza na ujamaa. Niliwakusanya nikawahutubia kwa dakika arobaini: kuanzia leo hakuna changu wala chako, kila mtu atafanya anachokiweza na kupewa anachokihitaji. Nikatamka kwamba binafsi nahitaji cherehani ya umeme, pamoja na dirisha lake.

Mama Mkasi alisema ni haki yangu kabisa. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, ni kitu gani hasa ninachokiweza.

Bwana Kimya alitafakari. Akasema, pasi.

Hoja ikapita. Nimenyoosha vitambaa kutwa nzima kwa niaba ya umma. Majoho yaliyokamilika: manne.

Jumatano, 8 Mei

Ujamaa umefutwa. Tumeingia ubepari. Sheria yake nimeitunga mwenyewe: kila chombo ni mali ya atakayekutwa amekishika saa mbili kamili asubuhi. Saa kumi na mbili nilikuwa tayari nimeikumbatia cherehani ya umeme. Bwana Kimya alipofika, alinitazama, akaketi kwenye cherehani ya miguu bila kinyongo. Nikamhurumia. Soko halina huruma.

Sikuwa nimewaza kuhusu mkasi. Karakana ina mkasi mmoja, na kwa miaka tisa sijawahi kuuona ukiwa mbali na mkono wa mwenyewe. Mama Mkasi akaeleza masharti yake, huku akitafuna karanga: kitambaa cha joho moja kwa majoho matatu ya kupigwa pasi. Nikamwambia huo ni unyonyaji. Akasema, Profesa, soko ndilo lililopanga, mimi nimekaa tu hapa.

Nilishona joho moja. Nililishona mpaka tundu la shingo likazibika. Saa sita mchana nilimkodishia Bwana Kimya cherehani yangu ili anifumulie joho hilo. Saa tisa nilimwachia moja kwa moja, naye akashona majoho yote niliyodaiwa na Mama Mkasi kuyapiga pasi.

Niliingia kazini nikiwa bepari, nikatoka nikiwa kibarua. Wa pasi. Jumla ya majoho: kumi.

Alhamisi, 9 Mei

Uhuru umewalevya. Leo nimetwaa madaraka yote. Amri nimeibandika ukutani kwa herufi kubwa: majoho thelathini yaliyosalia, kola thelathini, mikono thelathini. Kujadili ni marufuku.

Saa nne Mama Mkasi aliinua kidole. Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa amri. Akasema, haya baba, akaendelea kukata.

Utii ulioje! Cherehani ilinguruma bila kupumzika. Nikaketi nikifikiria kiti changu.

Jioni nilikagua mazao ya utawala imara. Majoho thelathini, kila moja na mkono mmoja. Niliwauliza kwa uchungu kwa nini hawakuniambia. Bwana Kimya aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye neno marufuku. Huyu mtu ana dharau za chini kwa chini.

Ijumaa, 10 Mei

Demokrasia, basi. Kura za siri, vipande vya kitambaa ndani ya kofia. Hesabu yangu haikuwa na dosari: ningejipigia, na Mama Mkasi angenipigia kwa kuwa nilimwahidi unaibu. Alinishika mkono akasema nisiwe na wasiwasi mwanangu, yuko nami.

Matokeo: Bwana Kimya mbili, mimi moja.

Mshindi hakutoa hata hotuba. Alimsogezea Mama Mkasi kitambaa, akaketi dirishani, akaninyooshea kidevu kuelekea pasi. Huo ndio uliokuwa mpango wake mzima wa maendeleo. Saa kumi na moja jioni mkono wa mwisho ulikuwa mahali pake. Nasema ni bahati.

Jumamosi, 11 Mei

Mwalimu wa kwaya amechukua majoho arobaini, akisifu jinsi yalivyonyooka. Shangazi alirudi adhuhuri. Nilivaa tai. Aliisoma amri yangu ukutani, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Mama Mkasi alikuwa na kikohozi cha ghafla.

Shangazi akasema alitoa neno na halirudishi nyuma. Kuanzia leo mimi ni msimamizi.

Wa meza ya pasi.

Jumapili, 12 Mei

Nimekimaliza kitabu. Mifumo yote ni mizuri. Kilichonikwamisha ni raia. Suluhisho liko sura ya mwisho: kujitenga. Kesho natangaza meza ya pasi kuwa jamhuri huru, mipaka yake kutoka kwenye soketi hadi kwenye kapu la nguo. Rais nimeshampata. Ila jamhuri isiyo na mpinzani hudharauliwa na mataifa, kwa hiyo nitafanya uchaguzi, na nitamwomba Bwana Kimya agombee. Mama Mkasi ataalikwa kupiga kura, amekwisha kuniahidi. Sioni hatari yoyote. Yule bwana hata hotuba hana.