Ruhusa ya Kumpiga Mkuu wa Kituo

Jumatatu, 19 Mei 2025

Kozi ya huduma ya kwanza imeanza leo kwenye bwalo la kituo. Askari wote lazima. Sababu inajulikana. Kwenye ajali sisi ndio tunaofika wa kwanza, na tukifika tunapima barabara kwa futi huku majeruhi anatuangalia.

Kabla ya somo, Mkuu wa Kituo, Afande Venansi, alitoa tangazo. Kituo cha Karema, kule ziwani, kimeomba koplo mmoja. Makoplo wanaoweza kuondoka ni wawili, mimi na Felista. Atakayefanya vizuri kwenye kozi atabaki Mpanda awe mwalimu wa huduma ya kwanza wa kituo. Mwingine akapande basi.

Karema! Mimi Machibya, mtoto wa wafugaji! Maji mengi niliyozoea ni ya lambo la ng'ombe. Kuogelea sijui. Nyumba ninayojenga Ilembo, jirani na tunapopanga, imefika lenta. Mke wangu Monika ameshasema hahami, na hata nikihama mimi yeye atabaki na tofali zake. Felista naye anasema mwanawe yuko darasa la saba, hawezi kumhamisha mwaka huu. Visingizio.

Mwalimu wetu ni muuguzi, Bernadetha. Mfupi, sauti ya kuongozea paredi. Somo la kwanza lilikuwa kumkaribia mgonjwa. Nilijitolea kabla ya wengine ili aanze kunijua. Mgonjwa wa mazoezi alikuwa Konstebo Manyanda, amelala sakafuni anaguna. Nikamwendea haraka, nikamshika ukosi, nikamwambia yuko chini ya ulinzi.

Bwalo zima lilicheka. Felista alicheka mpaka akakaa chini. Ni mazoea tu! Miaka yangu yote kazini, nikimkuta mtu amelala chini ndivyo ninavyoanza. Bernadetha akasema mgonjwa hashikwi kabla ya kuombwa ruhusa. Unajitambulisha, unaomba ruhusa ya kumgusa, unasubiri jibu. Akanirudisha nifanye upya mbele ya wote, tena na tena, Manyanda akijibu ndiyo mpaka sauti ikamkauka. Sawa. Hili halitanitoka mpaka naingia kaburini.

Mchana sikurudi darasani. Nilikuwa nje ya geti nakula muhogo wa kuchoma na kupanga mipango na Issa wa bodaboda. Mtu akishajua jambo la msingi, yaliyobaki ni nyongeza.

Jumanne, 20 Mei 2025

Leo ni kukandamiza kifua. Kuna mdoli wa mazoezi, kichwa na kifua tu, hana miguu. Ukimkandamiza sawasawa anatoa mlio. Kwa Felista alilia kila mara. Kwangu alinyamaza kabisa. Bernadetha akatangaza kwamba mgonjwa wangu amekufa. Nikaomba nirudie. Akasema hata marehemu angependa kurudia.

Nikapata wazo. Nimchukue mdoli nyumbani, nifanye mazoezi jioni, nimrudishe asubuhi. Sikuaga, maana kuaga kunaleta maswali. Nikamfunika kwa koti langu la mvua, nikampakia kwenye pikipiki ya Issa, katikati yetu.

Karibu na soko koti lilipeperuka. Issa hakusimama, alisema breki zake hazipendi ghafla. Kwa hiyo tukaingia Ilembo mchana kweupe, askari amemkumbatia mtu asiye na miguu, macho yamemtoka.

Nilikuwa ndio kwanza namlaza sebuleni nilipowaona kina mama wa mtaa wanaingia na kuni vichwani. Mmoja ana unga. Wanaume wanapanga mabenchi. Mama Lusia, jirani yetu, alikuwa ameshaanza kulia uani, na analia vizuri, mpaka na mimi nikasikia uchungu. Nikatoka kueleza kwamba hakuna msiba. Hawakuamini. Nikamleta mdoli wamwone. Nusu yao wakakimbia. Mzee Shadrack, ambaye hakimbii kwa sababu ya magoti, akanishauri kwa upole kwamba kama marehemu ni ndugu wa mbali nisione aibu, niseme tu, watazika.

Monika alirudisha kuni zote. Unga aliusahau.

Jumatano, 21 Mei 2025

Habari ilifika kituoni kabla yangu. Kwenye paredi Afande Venansi alinipa pole ya msiba mbele ya kikosi. Felista akaomba tusimame kimya dakika moja. Tukasimama! Na mimi nikasimama!

Bernadetha alimkagua mdoli, akamkuta na mchicha mdomoni. Mtoto wa jirani alikuwa anamlisha. Nimekatwa alama.

Mchana ni kufunga bandeji. Nilimfunga Manyanda mkono, bega na kichwa kwa nguvu zangu zote, kazi safi. Imefunguliwa kwa mkasi. Nimekatwa alama tena.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Hesabu ni rahisi. Alama ni za Bernadetha, lakini uamuzi ni wa Afande Venansi. Kwa hiyo Afande lazima anione naokoa mtu kwa macho yake.

Nilikubaliana na Issa kwa sahani ya wali kuku. Atakuja na pikipiki polepole, ataanguka mbele ya geti saa nne, Afande akiwa kibarazani na chai yake. Damu ni juisi ya rozela, nimempa kwenye mfuko. Mimi nitatoka mbio, nitajitambulisha, nitaomba ruhusa, Issa atasema ndiyo, nitamfunga. Kila kitu kiko sawa.

Saa nne kasoro Afande akaitwa aende kijiji cha Magamba, ng'ombe wameingia shamba la mtu na watu wameshika marungu. Nikamkimbilia Issa kumwambia aahirishe. Nikapita geti la nyuma, na yeye akaja la mbele. Akaanguka vizuri ajabu. Nilisikia kelele kutoka upande wa pili wa jengo.

Niliporudi, Felista alikuwa ameshapiga magoti. Alijitambulisha, akaomba ruhusa, Issa akasema ndiyo kama tulivyofundishana. Akamfunga goti, akamlaza vizuri, Bernadetha amesimama juu yao anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha Felista akanusa vidole vyake. Akanitazama. Akasema mgonjwa huyu damu yake ina sukari, apimwe.

Hakusema zaidi ya hapo. Alitabasamu tu. Bora angesema!

Issa amekuja jioni kudai wali kuku. Nikamwambia kazi haikufanyika kwa mwajiri wake. Akajibu kwamba goti limechubuka kweli, na kuku aongezwe.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Nitaandika yote kama yalivyotokea, bila kujipendelea.

Leo ni kufunga kozi. Pilau, nyama ya ng'ombe, soda. Matokeo yatasomwa baada ya chakula. Nilijua alama zangu ni mbaya, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Nikakaa jirani na Afande Venansi. Nikampakulia mimi mwenyewe. Nikamchagulia finyango kubwa kuliko zote kwenye sufuria, Manyanda alikuwa ameshaitupia jicho, nikamzuia mkono.

Afande akala. Nikamsimulia habari ya Mzee Shadrack aliyetaka kumzika mdoli. Akacheka akiwa na nyama mdomoni.

Ghafla kicheko kikakatika. Akasimama. Mikono kooni, macho yamemtoka, hakohoi, hasemi.

Nilikuwa wa kwanza kuona! Naomba hilo likumbukwe. Nilikuwa jirani kuliko wote. Nafasi ya kubaki Mpanda imesimama mbele yangu, imebadilika rangi. Nikasimama mguu sawa, nikapiga saluti. Nikasema mimi ni Koplo Machibya, nimesomea huduma ya kwanza, naomba ruhusa ya kumgusa Afande.

Nikasubiri jibu.

Hakujibu. Katika kazi yetu mkubwa asipojibu, ama hajasikia ama amekataa. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akapiga meza kwa kiganja. Sasa, kupiga meza ni ndiyo au ni hapana? Miaka yote Afande Venansi akipiga meza maana yake ni ondoka. Na dawa yenyewe ya kupaliwa ni nini? Ni kumpiga mgonjwa mgongoni kwa nguvu. Mtu mwenye nyota mabegani! Mbele ya kikosi! Koplo hampigi hivyo mkubwa wake bila ruhusa akabaki na kazi. Namwogopa yule mzee, lakini nampenda pia, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Nikaomba ruhusa mara ya tatu. Nadhani nilikuwa nalia.

Felista akaruka benchi. Akanisukuma, akamwinamisha Afande, akampiga katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Kwa pigo la nne finyango ikatoka, ikapita juu ya meza, ikatua kwenye soda ya Bernadetha.

Afande akavuta pumzi. Akakaa. Alipopata sauti, akauliza ni nani amempiga.

Hapo nikaona Mungu hajanitupa. Nikajibu haraka kuliko wote. Nikasema ni Koplo Felista, nimeona kwa macho yangu, niko tayari kutoa maelezo, na mimi binafsi sikumgusa Afande hata kwa kidole.

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akamshika Felista mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia asante mwanangu. Macho yake yalikuwa na machozi. Hata matokeo hayakusomwa.

Baadaye Bernadetha aliniita pembeni. Akanieleza polepole kwamba mtu asiyeweza kujibu anahesabiwa ameshakubali. Nikamwambia hilo halikufundishwa. Akasema lilifundishwa Jumatatu mchana, na wote walikuwepo isipokuwa mtu mmoja. Alitaka kunipa cheti cha kuhudhuria, akafikiri, akakirudisha kwenye mkoba.

Jumapili, 8 Juni 2025

Karema. Wiki ya pili.

Ziwa liko pale pale kila asubuhi. Halina mwisho. Nimepangwa doria ya boti, nakaa katikati na kushika pande zote mbili. Monika amebaki Ilembo, anasema lenta haiwezi kujilinda. Namkumbuka sana. Hata Mama Lusia namkumbuka.

Lakini sikukaa bure, nimefikiri. Nimeipitia ile Ijumaa hatua kwa hatua, na nimeona kosa lilipokuwa. Kosa halikuwa kuomba ruhusa. Kosa lilikuwa kuiomba nimechelewa.

Kwa hiyo juzi nilimwendea mkuu wangu mpya, Sajenti Maiko. Mtu mwema, ila anakula migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa kasi ya kutisha, na miiba yake hatoi. Nikamwomba ruhusa ya kudumu ya kumpiga mgongoni, saa yoyote, mahali popote. Akaacha kutafuna. Akasema tangu aingie jeshini hajawahi kuombwa kitu kama hicho, na akauliza Mpanda walinileta kwa kosa gani. Tangu siku hiyo anakula ndani, mlango amefunga.

Leo mchana amepiga simu Felista. Atakuja Karema mwezi ujao kutufundisha huduma ya kwanza. Ameulizia hali yangu vizuri tu, bila kucheka. Akauliza kama kuna kitu aniletee kutoka mjini.

Nilikuwa nimeshapata jibu tangu asubuhi. Nikamwambia aniletee kidau cha wino, kile cha kuchukulia alama za vidole, kidogo, cha kuingia mfukoni. Akauliza cha nini. Nikamweleza kwamba aliyepaliwa hawezi kusema, lakini dole gumba analo.

Simu ikakatika. Mtandao wa huku ni mbovu sana.