Mkaguzi Mkuu wa Asetoni

Saluni ilikuwa na wateja watano wenye kucha zilizofutwa nusu, na asetoni ya kufutia rangi ilikuwa imeadimika mjini kote. Mwenye saluni alimgeukia mtoto wa kaka yake, aliyeitwa Sukariguru kwa utamu wa mdomo, akamkuta amejinyoosha kwenye kiti cha wateja.

"Miezi minane unalala chumba changu cha nyuma. Leo niletee asetoni, la sivyo chumba nampa msusi mpya."

"Shangazi, hilo tu?"

Alikuwa ameshakumbuka chuo cha mtaa wa pili, ambako dirisha la stoo ya maabara lilionyesha chupa za kahawia safu kwa safu, zote zimeandikwa jina hilohilo. Baada ya nusu saa alikuwa amevaa koti jeupe la kinyozi jirani, kifuani kadi ya plastiki aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino wa zambarau: MKAGUZI MKUU.

Mtunza maabara alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na wakubwa. Asetoni yenu imepitwa na wakati, ni hatari kwa taifa. Naondoka nayo yote."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe barua zetu zilifika! Hivi asetoni inachemka kwa nyuzi ngapi?"

"Inategemea na jiko, mama."

Mama alivaa miwani, akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. "Ni hamsini na sita," alisema taratibu. "Lakini jiko nalo lina mchango wake. Karibu, mkaguzi. Weka sahihi hapa."

Sukariguru alisaini kwa mbwembwe. Kusoma maneno yaliyo juu ya sahihi ni kazi ya watu wasiojiamini, naye alijiamini kupita kiasi.

Akavishwa aproni ya kiunoni, glavu na miwani mikubwa ya plastiki.

"Chupa ni sitini," alisema mama. "Beba moja moja, mkono mmoja chini ya kitako, zipeleke kwenye lori pale nje. Simu zima. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kimyakimya mpaka ukutane na cheche. Hapo ndipo jina lako linapotangazwa kwenye taarifa ya habari."

"Nayajua hayo," alisema Sukariguru, akairudisha mfukoni sigara aliyokuwa ameanza kuitoa.

Kwenye chupa ya kumi na moja kizibo kilikuwa kimelegea. Matone yakamrukia kifuani, na herufi za kadi zikaanza kushuka kwenye koti.

"Mkaguzi, cheo chako kinatiririka."

"Ni jasho, mama."

"La zambarau?"

Aligeukia chupa iliyofuata. Mtu aliyebakiza chupa arobaini na tisa hana pumzi ya kupoteza. Alibeba, akashuka ngazi, akapanda, mgongo ukimlilia, akijipa moyo kwamba lori lenyewe lingemshusha mlangoni kwa shangazi. Aliposukuma chupa ya mwisho ndani, dereva alifunga mlango, akaondoka bila hata kumpungia mkono.

"Linakwenda wapi?"

"Kwenye tanuri la kuchomea taka," alisema mama, akikunja karatasi. "Hiyo ni asetoni chafu, tumesuuzia vyombo vya maabara miaka mitatu. Nimeomba wapakiaji mpaka sauti imenikauka. Ulichosaini ni fomu ya wapakiaji wa kujitolea, na jina lako limeingia la kwanza."

"Na ile safi?"

"Iko kwenye kabati la chuma, imefungwa." Akampigapiga begani. "Jumatatu tunahamisha asidi. Usituangushe, mkaguzi."

Sukariguru alirudi saluni kwa miguu, akichechemea. Shangazi alimnusa tangu mlangoni, uso ukamchangamka.

"Umeleta asetoni!"

"Nimeleta harufu yake, shangazi."

Wateja watano waliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alisogeza tu pazia la chumba cha nyuma, na mle ndani msusi mpya alikuwa juu ya stuli, anapigilia misumari ya kutundikia nguo zake.