Mdhamini Wangu, Mzee Gaudens

Jumatatu, 24 Novemba

Leo naanza kuandika kumbukumbu. Watu wakubwa huandika, nami nakaribia kuwa mmoja wao, Kampuni ikiacha kunizungusha.

Kampuni silitaji jina. Ni ya maghala ya mizigo upande wa bandarini, inatosha. Nafasi ni moja tu: Msimamizi Msaidizi wa Ghala. Niliomba Agosti. Waombaji mia nne na kumi na mbili! Mtihani wa kuandika, nikapita. Wakanyamaza wiki tano. Mtihani wa kompyuta, nikapita. Wakanyamaza tena. Usaili wa vitendo: tulihesabu maboksi ghalani asubuhi nzima, wenzangu kwa vidole, mimi kwa macho. Nikapita. Halafu kimya. Nikipiga simu naambiwa mchakato unaendelea. Mchakato! Mtu angepanda mahindi Agosti, sasa hivi angekuwa anachoma.

Leo wamepiga. Dada mmoja wa ofisi ya ajira, anaitwa Vicky, kasema Jumatano nikae mbele ya jopo. Tumebaki wawili!

Wa pili ni Uwesu. Ndiyo, Uwesu huyu huyu tunayetazamana milango hapa Ilala. Mtu mpole, hana makuu, pasi yake ndiyo inayonyoosha nguo za nyumba nzima. Sina chuki naye. Namhurumia tu.

Kazi hii lazima niipate kabla ya Krismasi. Sababu ni hii. Mwaka jana, kule nyumbani Machame, binamu yangu Heriel alikuja na gari. Nikateleza ulimi. Nikamwambia mama kwamba mimi tayari ni ofisa bandarini. Mama hakungoja, Jumapili iliyofuata akatoa shukrani mbele ya usharika mzima. Mwaka huu kaalika mchungaji nyumbani tarehe ishirini na sita, na anataka nije na kitambulisho cha kazi shingoni ili kiombewe.

Nina mwezi mmoja wa kuugeuza uongo kuwa ukweli. Waongo wengine hawajitahidi hata hivyo.

Jumanne, 25 Novemba

Dukani Kariakoo, kwa Shangazi Severa, dada yake baba. Anauza kwa jumla: ndoo, mabeseni, majagi. Namsaidia kwa muda tu. Muda wenyewe umefika miaka sita.

Fomu ya Kampuni inataka mdhamini mmoja anayenifahamu kikazi. Shangazi akajitolea mwenyewe. Alisema miaka sita nimemhesabia stoo yake na halijapotea hata beseni moja, na akipigiwa simu atasema hivyo hivyo.

Nikamshukuru kwa adabu. Lakini jamani! Jopo liniulize nani ananidhamini, niseme muuza mabeseni? Nikamweleza kwamba Kampuni inataka mtu mzito. Akajitazama mwili wake wote, akasonya, akaendelea kufunga majagi kwa kamba.

Basi nikamtunga Mzee Gaudens. Umri, hamsini na nane. Meneja mstaafu wa maghala, uzoefu miaka thelathini, mkali lakini mwenye haki. Jina nimelisoma nyuma ya guta lililotuletea ndoo. Namba ya simu ni laini yangu ya pili.

Nimeridhika sana naye. Ni mdhamini ambaye hatanisema vibaya.

Jumatano, 26 Novemba

Jopo! Wasaili watatu na Vicky pembeni anaandika. Wakauliza nitaiongezea nini Kampuni. Nikasema heshima. Wakatazamana. Waliguswa.

Uwesu aliingia baada yangu, dakika kumi na tano akatoka. Mimi saa nzima! Kweli nusu saa ya kwanza waliinamia makabati wakitafuta faili langu, lakini muda ni muda.

Fomu nimekabidhi. Vicky kasema Ijumaa atawapigia wadhamini.

Alhamisi, 27 Novemba

Tatizo: sauti. Mimi kwenye kwaya naimba sauti nyembamba ya juu. Mzee Gaudens hawezi kuwa na sauti hiyo. Nimejaribu kukohoa kwanza. Wapi. Nimejaribu kusema nimelala chali. Nikasinzia.

Saa nane mchana nikagundua ndoo. Ile ya lita ishirini. Ukiingiza kichwa na simu, ukasema polepole, inatoka sauti ya mtu mwenye gari la ofisi na dereva. Nimefanya mazoezi nyuma ya rundo la mabeseni. Najivunia ubunifu wangu. Kati ya wale mia nne na kumi na mbili, nani mwingine angewaza ndoo?

Jioni Uwesu kaniuliza mdhamini wangu nani. Nikamtajia. Akasema kumbe mwenzangu nina watu! Yeye bado anahangaika, bosi wake wa zamani kahamia Mtwara na hapokei simu, na fomu mwisho ni kesho asubuhi. Nikamwambia ajitahidi, duniani bila watu huendi popote. Akanishukuru kwa ushauri na kuniachia pasi.

Ijumaa, 28 Novemba

Saa nne asubuhi simu ya Shangazi iliita, akatoka nje akaongea kidogo, akarudi. Sikujali, mimi nilikuwa nangoja yangu. Saa nne na robo ikaita laini ya pili. Nikazama ndooni.

Vicky kwanza kabisa akaniamkia. Shikamoo! Mimi! Mtu aliyenizungusha miezi minne, leo ananipa shikamoo na tena kwa unyenyekevu. Nikaitika marahaba, mwanangu. Mwili ulinisisimka. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda Mzee Gaudens.

Akauliza habari za huyu kijana Elimringi, yaani mimi. Nikasema ni hodari, mwaminifu, hesabu zake hazina mfano. Akauliza alijifunzia wapi. Nikasema kwangu. Yote anayoyajua nimemfundisha mimi. Akasema ahaa, na mzee mwenyewe ulianzaje? Lo! Mtu akiulizwa kwa heshima namna hiyo, atabana maneno? Nikamsimulia miaka thelathini yote. Jinsi nilivyopanga ghala la sukari mvua isiguse gunia. Jinsi madereva walivyokuwa wakizima injini wakiniona. Hata mimi mwenyewe nilikuwa natamani kujua mbele kuna nini.

Mwisho akauliza udhaifu wa kijana. Hapa nilitumia akili. Mdhamini anayesifu tu haaminiki, lazima atie kasoro kidogo. Nikasema ni mzuri, ila bila mimi pembeni alikuwa anayumba kidogo.

Dakika arobaini! Nilipotoa kichwa, jasho chapachapa, nikakuta mama mmoja wa Mbagala, kaja kununua mabeseni ya kicheni pati, amenikodolea macho. Alimuuliza Shangazi kama nimeugua. Shangazi akamjibu hapana, ndivyo alivyo.

Jumanne, 2 Desemba

Kimya. Nimetazama simu mpaka macho yanauma. Mama kapiga kuuliza kitambulisho kina picha au hakina. Nikasema kina.

Saa saba ikaita. Laini ya pili! Vicky anamtaka Mzee Gaudens. Ati mkurugenzi wao anaomba ushauri, mvua zimeanza na ghala moja linavuja. Nikashauri mizigo inyanyuliwe juu ya mbao na mikokoteni isipite upande ule. Mambo ninayoyafanya stoo ya Shangazi kila masika. Akashukuru kana kwamba nimemponya mtu.

Nilipokata nikahisi kitu kibaya moyoni. Wivu. Gaudens kapigiwa mara mbili, Elimringi hata mara moja. Mtu nimemtoa mwenyewe nyuma ya guta, leo ananipita!

Ijumaa, 5 Desemba



Saa tatu laini yangu ya kwanza. Vicky. Akaanza na pole, nikajua. Akasema kwa alama nilikuwa wa kwanza. Kuandika, wa kwanza. Kompyuta, wa kwanza. Kuhesabu, wa kwanza, hajawahi kuona. Lakini ni kazi ya kusimama peke yako, na mdhamini wangu, mtu mzito kabisa, amesema bila yeye nayumba. Wamempa Uwesu.

Nilipindua ndoo nikakaa juu yake, nikalia. Naandika hivi kwa kuwa hasomi mtu. Wa kwanza! Nilikuwa wa kwanza kweli, kwa kichwa changu mwenyewe, bila ujanja wowote. Nikamfikiria mama na mchungaji wake.  Shangazi aliniletea chai na chapati mbili, akasimama mlangoni wateja wasinione.

Chai haijapoa, laini ya pili ikaita. Ndoo nilikuwa nimeikalia, nikaipindua fasta. Shikamoo mzee. Marahaba. Akasema mkurugenzi amekuwa akimzungumzia Mzee Gaudens wiki nzima. Nafasi ya Msimamizi Mkuu wa Ghala ipo wazi tangu Juni. Wamekaa wakajiuliza, kwa nini wachukue mwanafunzi na mwalimu yupo? Jumatano ijayo aje waonane, usaili mdogo tu. Umri si tatizo, wanataka mtu mzima.

Jioni Uwesu kaja na halua. Hakujisifu, kanipa pole hata kabla ya kukaa. Nikamuuliza mdhamini alimpata wapi. Akasema kwa Shangazi Severa! Ijumaa ile asubuhi, kabla sijafika, alipita dukani kumwomba, akakubali papo hapo. Alipopigiwa alisema hamjui Uwesu sana, ila aliwahi kumwazima jagi na likarudi siku hiyo hiyo, limeoshwa. Dakika tatu, basi.

Dakika tatu! Jagi!

Kisha Uwesu, kwa aibu, akasema amesikia bosi wake atakuwa Mzee Gaudens, anaogopa, anasikia ni mkali. Nimsemee neno zuri. Nikamwambia nitajaribu, lakini mzee hapendi kuingiliwa.

Jumamosi, 6 Desemba

Shangazi kajua yote. Kumbe ndoo haizuii sauti kutoka, inaikuza. Duka zima lilisikia, na duka la jirani.

Hakugomba. Alisema Jumatatu tuondoke wote wawili, twende kwa yule Vicky, niseme ukweli. Uwesu abaki na nafasi yake, kaipata kihalali. Lakini mtu aliyewashinda watu wote wale kwa alama, akienda mwenyewe akaomba radhi, hawawezi kukosa pa kumweka. Na yeye atasimama aseme aliyotaka kusema tangu mwanzo, miaka sita na beseni halijapotea. Kuhusu mama, alisema dada wa baba yupo kwa kazi hiyo, atampigia yeye.

 Hakuna mtu aliyewahi kunisemea hivyo, ukimwondoa Gaudens. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Kati ya watu mia nne na kumi na mbili, aliyenishinda ni mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi. Sasa mtu wa namna hiyo akaombe radhi ya nini?

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Duka limefungwa. Jana Shangazi alivaa gauni la kanisani akaningoja mpaka saa tano. Nikamwambia tumbo linauma. Akalivua, akavaa la kazini. Hilo lilinichoma, siwezi kukataa.

Lakini mambo yanakwenda! Nimempigia mama. Nimemwambia Kampuni imekataa kunipa nafasi niliyoomba kwa kuwa inaniona nafaa nafasi ya juu zaidi. Hakuna neno la uongo hapo. Mama alipiga vigelegele, akakata simu kwenda kumwambia mama yake Heriel.

Maandalizi ya kesho yamekamilika. Poda ya kutia mvi kichwani. Miwani mizito, nimenunua kwa machinga, naona ukungu lakini inanizeesha vizuri. Fimbo. Ndoo nimeiacha, ingeleta maswali, nitasema nina mafua. Kwamba jopo linanijua sura halinitishi hata kidogo. Walinitazama nusu saa tu, nusu nyingine walikuwa makabatini.

Vicky katuma fomu ya mzee. Utaratibu ni ule ule, hata wakubwa wanajaza. Mdhamini mmoja anayemfahamu kikazi, atapigiwa kesho asubuhi kabla ya usaili.

Shangazi angekubali, najua. Lakini mzee wa hadhi ile adhaminiwe na muuza mabeseni? Nimejaza: Elimringi. Namba, laini yangu ya kwanza. Sauti ninayo, sihitaji hata ndoo.

Nimeshapanga nitakayoyasema. Nitamsifu mzee kwa moyo wote, anastahili. Na Vicky akifika kwenye udhaifu, nitatia kasoro kidogo ili niaminike. Nitasema ni hodari sana yule mzee, ila bila mimi pembeni anayumba kidogo.