Chombo Kinageuka kwa Amri Yangu

Jumatatu, 12 Agosti

Siku tano kabla ya mashindano ya Siku ya Uhuru. Baba mkwe, Pak Kasim, yaani Mzee Kasim, mwenye chombo chetu cha matanga Camar Laut, kaniita barazani. Kamaliza kahawa yake kwanza. Halafu kasema nimeshika usukani miaka miwili, na miaka yote miwili nimekuwa wa mwisho. Nikishindwa Jumamosi, usukani anapewa Rosnah. Rosnah ni binti yake. Pia ni mke wangu! Kisiwa kizima kitanicheka mpaka kaburini. Nikamwambia atayarishe mahali pa kuweka kikombe. Akauliza, cha kahawa? Mzee hana imani.

Jumanne, 13 Agosti

Mazoezi. Tuko watatu tu: mimi nyuma kwenye usukani, Rosnah mbele kwenye tanga dogo, na mjomba wake Pak Uda Mansur, anayening'inia nje kwa kamba ili upepo usitupindue. Kwenda dhidi ya upepo ni mshazari huku, geuza, mshazari kule. Watu watatu wanahitaji amri kali. Kila tukigeuza napaza sauti: Tayari! Achia! Vuka! Vuta! Kisha nasukuma usukani kwa nguvu zangu zote.

Tumegeuza mara saba. Mara saba chombo kimesimama katikati, matanga yakipepea kama nguo zilizoanikwa, kisha kikaanza kurudi nyuma. Rosnah anadai nasukuma usukani ghafla mno, unageuka breki. Anadai pia nasema Achia wakati tanga bado linavuta. Nimemkumbusha kwamba nahodha ni mmoja. Zulkarnain wa mkahawani, bingwa wa miaka minne, akapita na chombo chake akauliza kama tumeegesha. "Ushuru wa gati umelipa, bwana?" Watu wake wakacheka. Pak Uda naye kacheka, nimemwona.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango! Nitaiba amri za Zulkarnain.

Nimekaa chini ya gati lake saa tatu nzima, maji kidevuni. Wamegeuza mara kumi mbele ya macho yangu. Chombo kinajikunja taratibu. Tanga la mbele linaachiwa pale tu linapoanza kutetemeka. Watu wanavuka upande wa pili bila papara, na mwendo haupungui. Na amri? Hakuna! Nilichosikia ni mazungumzo ya bei ya ngisi. Ni wazi wana ishara za siri. Wajanja kweli hawa.

Mke wa Zulkarnain akaja kumwaga maji aliyooshea sufuria. Yote yakaniangukia kichwani. Sikutoa sauti. Huo ndio uanaume.

Alhamisi, 15 Agosti

Homa. Hata hivyo nimebuni ishara kumi na mbili. Kidole sikioni, achia. Kiwiko juu, vuka. Rosnah kauliza ataziona vipi akiwa amenipa mgongo. Kasoro ndogo. Nimerudi kwenye amri za mdomo. Nimekwenda ufukweni peke yangu kuzifanyia mazoezi saa mbili nzima, hadi mbwa wa jirani wakahama. Sauti imeanza kukwaruza.

Ijumaa, 16 Agosti

Sauti imekwenda. Kabisa! Rosnah kanipa tangawizi na asali, kisha akageukia ukutani na mabega yakawa yanamtikisika. Pak Uda kachelewa kutoka msikitini. Nikamwandikia kwenye karatasi: ulikuwa unaomba nini? Kasema alikuwa anashukuru.

Naogopa, nakiri hapa tu. Kisiwani mimi ni nahodha wa Camar Laut. Nikinyang'anywa hilo, sina jingine.

Jumamosi, 17 Agosti

TUMESHINDA!

Vyombo sita. Zulkarnain kaongoza tangu mwanzo. Tukafika pa kugeuza. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Rosnah kageuka mara moja, kaniona nimeachama, kamwambia Pak Uda, "Mjomba, twende tu." Tanga likatetemeka, akaliachia. Pak Uda kavuka. Mimi kwa homa ile sikuwa na nguvu, nikausogeza usukani kidogo kidogo. Chombo kikageuka kama kimepakwa mafuta!

Tumegeuza hivyo mara nne. Mara ya tatu tukampita Zulkarnain. Kuona vile, akaanza kuwafokea watu wake, na chombo chake kikasimama kimya, matanga yakipepea. Nilitamani sana kumsemesha. Rosnah akanisaidia: "Bwana Zul, ushuru wa gati huo!"

Ufukwe mzima ulikuwa ukipiga kelele. Baba mkwe kanikabidhi kikombe, kasema usukani unabaki kwangu. Nimelia kidogo. Nikamnong'oneza Rosnah, hakuumia kuukosa? Kasema wa nini, chombo kinageuziwa mbele. "Wewe kaa hukohuko nyuma, baba, upo salama." Sijaelewa, lakini ni sifa.

Jumapili, 18 Agosti

Nimetafakari. Tumeshinda kwa urefu wa vyombo vitatu bila amri hata moja. Je, amri zangu zingekuwepo? Vyombo kumi! Asubuhi nimepanda boti hadi mjini Batam, nimenunua kipaza sauti cha kushika mkononi. Kina king'ora pia. Mwakani watanisikia mpaka Singapore.

Nimewaonyesha Rosnah na Pak Uda kinavyofanya kazi. Rosnah kakumbuka ana shughuli kwa baba yake. Pak Uda kaenda moja kwa moja kwa Zulkarnain, mbio, na kamba yake ya kuning'inia begani. Nadhani kaenda kumtisha.