Reguleta ya Transfoma

Jumatatu, 2 Juni
Bahati inanijua kwa jina! Daktari wa utafiti, msomi wa kupanda ndege, amenipa kichupa cha dawa ya maabara. Mkononi kabisa! Aliona kichwa changu kinafanya kazi. Kwenye kichupa nimesoma maneno mawili ya Kizungu: homoni na reguleta. Homoni ni nguvu za dume, hiyo najua. Reguleta ni ile ya mtungi wa gesi. Unazungusha, moto unapanda!

Jumanne, 3 Juni
Senje Muhonja, dada ya baba, amesema wazi. Fahali wake Transfoma ameshakimbia mapigano ya mafahali mara mbili. Jumamosi ya wiki ijayo akimkimbia Kamishna, fahali wa Shikanga, kule uwanja wa Malinya, anaenda kwa bucha. Transfoma! Niliyemlea kwa chupa ya maziwa mama yake alipokufa! Shikanga alipita akaniulizia bei ya matumbo. Nikacheka kwa dharau. Moyoni nililia kidogo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemdunga! Sindano nilinunua agrovet, duka la dawa za mifugo, nikasema ni ya kuku. Teke la kwanza lilipata ndoo, la pili paja langu. Nguvu ndiyo hiyo! Na dawa haijafika hata begani.

Jumatano, 11 Juni
Ng'ombe wa jirani yetu Hezekiah amepita hapa akitafuta dume waziwazi. Transfoma hakuinua hata kichwa. Akaendelea na nyasi. Nimeelewa: anaweka akiba. Mabondia wakubwa hufanyanga hivyo, nilisikia Nairobi.

Jumamosi, 14 Juni
Ngoma za isukuti zinanguruma, watu wamejaa mpaka juu ya miti. Kamishna akakwaruza udongo. Transfoma wangu akamwendea polepole kama shemeji anayekuja kusalimia. Akamlamba sikio.

Watu wa juu ya miti wakainama waone vizuri.

Akamlamba lingine. Kamishna hajawahi kufanyiwa hivyo tangu azaliwe. Akageuka, akatoka mbio mpaka kwenye miwa ya watu! Waamuzi wakabishana sana, lakini anayegeuza mgongo ameshindwa. Tumeshinda! Nilibebwa juu juu, kiatu kimoja kikapotea. Shikanga amedai tumetumia uchawi. Asante, Shikanga.

Jumapili, 15 Juni
Bucha amefukuzwa. Senje amenichinjia ingokho, kuku wa heshima, nikapewa firigisi kama mkwe. Halafu akatangaza kwamba kuanzia kesho, jirani yeyote mwenye ng'ombe jike amlete apandwe na bingwa. Foleni imeshapangwa!

Nikamwonyesha Kiptoo, daktari wa mifugo, kichupa. Alicheka hadi akashika ukuta. Akasema hiyo ni dawa ya majaribio, ya kuzima homoni za dume.

"Reguleta hufungua na hufunga, bwana. Hii yako imefunga."

Sawa. Kama kuna ya kufunga, ya kufungua lazima iko! Kesho alfajiri narudi nyuma ya maabara, kwenye pipa la taka, kabla Senje hajaamka. Maana hakuna daktari aliyenipa kitu. Kichupa niliokota pipani.