Mkoba Usiofunguliwa

Dhamana alikuwa amekwenda kwa fundi simu kuchaji simu yake bure, na alikwishamsifia fundi shati, mikono na akili, pale alipomwona mtu mzima akitokwa na machozi kwa ajili ya kitufe.

Mtu mwenyewe alikuwa daktari wa meno mstaafu, suruali imenyooshwa pasi mpaka inatisha. Mbele yake, juu ya kaunta, palikuwa na kompyuta ya kubeba ya zamani, nene, imepiga umanjano ambao daktari huyo huyo angekukemea kama ungekuwa nao mdomoni. Kibodi yake ilipungukiwa kitufe kimoja. Fundi alipekua droo, akakipata kinachofanana, akataja bei ya kipuuzi kabisa. Daktari akalipa. Hakuomba apunguziwe hata kidogo.

Watu walimwita Dhamana kwa sababu kila alichouza alikiwekea dhamana, na kila aliyenunua aliishia kubaki na dhamana tu. Katika kazi hiyo alikuwa amejifunza kumtambua mtu asiyebembeleza bei, na alipomwona mmoja moyo ulimdunda kama wa kijana aliyeona mchumba.

"Shikamoo, Daktari," alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. "Nayo bado inawaka?"

"Marahaba. Unazijua hizi?"

"Nimelelewa nazo."

Alikuwa amelelewa na dada yake, lakini hilo halikuulizwa.

Siku hiyo hiyo alipandishwa ngazi mpaka kwenye chumba kilichokuwa zahanati ya meno, ambako Chama cha Wapenzi wa Kompyuta Kongwe za Kubeba kilikuwa na makao yake. Kiti cha kung'olea meno kilikuwa bado kipo pembeni, na hapo ndipo mwenyekiti, yaani daktari, alipokaa kuongoza vikao. Kuta zote zilikuwa na rafu, na rafu zote zilikuwa na mashine, chaja, betri zilizovimba na makasha ya diski za flopi. Wanachama walikuwa watu wema, tuseme ukweli. Mwenye chaja aliwaazima wasio na chaja. Mwenye flopi nzuri aliwanakilia wenzake wote. Palikuwa na mwalimu wa hesabu, palikuwa na mama mmoja mkutubi ambaye alifuma sweta kikao kizima bila kuinua macho, na palikuwa na askari mstaafu mwenye mabega mapana aliyekusanya mikoba ya kompyuta tu, bila kompyuta, akisema kompyuta zinamchosha.

Wema wao ulikuwa na tundu moja, na Dhamana aliliona kabla hajamaliza soda yake.

"Hizi zote ni nzuri," daktari alimweleza, "lakini anachoota kila mmoja wetu ni mbichi."

"Mbichi?"

"Ile ambayo haijafunguliwa tangu ilipofungwa kiwandani. Boksi lake, gundi yake, vumbi lake. Ukiifungua, umeiua."

"Sasa mnajuaje kilichomo ndani?"

Daktari alimtazama kwa huruma. "Tunajua kwa sababu haijafunguliwa."

Dhamana aliomba kuketi. Miaka yote hiyo alikuwa amehangaika kuuza vitu ambavyo wanunuzi walivifungua wakifika nyumbani, na mara nyingine hata kabla hajavuka barabara. Kumbe kulikuwa na watu wazima, wenye elimu na akiba, walioweka kwenye katiba yao kwamba hawatafungua.

Ukutani palikuwa na picha moja kubwa ndani ya fremu. Ilionyesha kisanduku cha kijivu chenye mpini juu na pembe za mraba. Daktari aliuita Mkoba wa Kijivu, akasema ndiyo kompyuta ya kubeba ya mwanzo mwanzo kabisa, uzito wake ni wa ndoo ya maji, na kwamba hakuna mwanachama aliyewahi kuuona kwa macho.

Dhamana alikuwa ameuona. Tena usiku uliopita alikuwa amelala nao chumba kimoja.

Dada yake alikuwa fundi wa nguo. Miaka miwili sasa alikuwa amempa mdogo wake huyo benchi la kulalia kwenye chumba cha kushonea, kwa sharti moja tu, kwamba asiguse kitu. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, ya kukunja na kufungia ndani ya kasha lililovalishwa ngozi bandia ya kijivu, lenye mpini juu na tundu la ufunguo mbele. Ufunguo aliuvaa shingoni. Kwa cherehani hiyo alilisha watoto watatu na mtu mzima mmoja. Wiki hiyo alikuwa kwa shangazi yao aliyepasuliwa jicho, na nyuma yake aliacha sare arobaini za shule, zimekatwa na kufungwa mafungu mafungu, za kupelekwa Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu alikwishamwambia waziwazi: zikichelewa hata siku moja, kazi ya mwaka mzima inakwenda kwa fundi mwingine.

Jumatano dada alipiga simu kusema shangazi hamwachii mpaka Jumapili jioni. Dhamana alimpa pole nyingi. Kisha alikata simu, akalitazama kasha, na kasha likamtazama.

Alijieleza vizuri, kama kawaida yake. Kuiba angekuwa anaiba kama asingekusudia kumnunulia dada cherehani mpya ya umeme kwa hizo hela. Huu ulikuwa mkopo, isipokuwa mkopeshaji hakusumbuliwa kwa kuombwa. Baada ya kujisamehe hivyo alichemsha chai ya rangi, akalowesha humo utepe wa gundi mpaka ukazeeka miaka arobaini kwa dakika kumi, akalizungushia kasha lote, tundu la ufunguo likiwemo, na akabandika lebo yenye namba nyingi. Alipolitikisa, kilichomo ndani kiligonga mara moja, kwa heshima.

Kikao cha dharura kiliitwa Alhamisi, Mkoba ukiwa tayari mezani. Hela iliyokuwapo ni ile ambayo chama kilikuwa kinajichangia ili wanachama wote waende pamoja kwenye maonyesho makubwa ya kompyuta kongwe. Mwalimu wa hesabu ndiye pekee aliyenyoosha mkono.

"Tungefungua kidogo tu. Pembeni hapa. Tupige chabo."

Wote walimgeukia kama vile amependekeza kumpasua mtoto ili wahakikishe ana moyo.

"Mimi nabeba lawama," alisema daktari kutoka kwenye kiti chake cha kung'olea meno. "Huu usipokuwa Mkoba wa Kijivu, naachia uenyekiti. Miaka kumi na minne, naachia."

Walitaka tu karatasi, kwa ajili ya faili. Dhamana aliiandika kwa mbwembwe zote: kwamba anaithibitisha mashine hii, kwamba ameijua tangu utotoni, na kwamba ikihitajika kuendeshwa ataiendesha yeye mwenyewe popote na wakati wowote. Akatia sahihi yenye mkia mrefu, akapokea bahasha, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Jumamosi asubuhi alikuwa mbele ya kioo akijaribu viatu vipya mlango ulipofunguka. Shangazi alikuwa amepona jicho kiasi cha kuanza kukosoa usafi wa sufuria, na dada alikuwa amepanda gari la kwanza.

Alitua begi. Alitazama meza. Alitazama viatu.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Dada, karibu! Shangazi anaendeleaje?"

"Nimekuuliza cherehani."

"Nitakununulia ya umeme. Unakanyaga tu, inashona yenyewe."

"Hiyo ya umeme iko wapi?"

"Iko... njiani."

Dada alikaa kwenye benchi. Hakupiga kelele, na hilo lilimtia Dhamana hofu kuliko kelele zote. Alizitazama zile sare arobaini, akaweka kiganja juu ya fungu la kwanza. "Nimekulisha miaka miwili," alisema. "Nimekuwekea chakula hata siku ambazo mimi sijala. Na wewe unakwenda kuuza mkono wangu?" Dhamana, ambaye aliwahi kumuuzia kipofu miwani ya jua, safari hii alisema ukweli. Alieleza kila kitu, akatoa bahasha, na dada akaitia kifuani bila kuifungua.

"Vua viatu hivyo visivyo vyako, vaa ndara. Tangulia mbele."

Chumba cha juu kilijaa. Mkoba ulikuwa umewekwa juu ya kitambaa cheupe, na daktari alikuwa katikati ya hotuba kuhusu uvumilivu wa wakusanyaji. Dhamana alijaribu kula kona mlangoni, akagonga kifua cha askari mstaafu.

"Samahanini," alisema dada. "Hiyo ni cherehani yangu."

Walicheka. Walicheka kistaarabu, kwa jinsi watu wenye elimu wanavyomcheka mtu asiye nayo. Dada alipita katikati yao, akaichana gundi kwa kucha. Mtu mmoja alipiga ukunga. Ufunguo uliingia, ukazunguka, kasha likanyanyuka, na ikaonekana cherehani nyeusi, mpini wake wa mkono pembeni, sindano yake imeinama, na uzi wa buluu bado umo kwenye tundu la sindano.

Chumba kizima kiligeuka kumtazama mwenyekiti.

Hapa inafaa tusimame kidogo tumhurumie daktari. Miaka kumi na minne ya uenyekiti ilikuwa inaning'inia kwenye uzi ule wa buluu. Alivaa miwani. Aliisogelea mashine, akaizunguka mara mbili, akaigusa sindano kwa kidole, na jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Ndugu wanachama," alisema hatimaye. "Sote tunajua kwamba printa za zamani zilikuwa na sindano."

Wanachama waliinama kuitazama sindano.

"Kweli," alisema mtu wa nyuma. "Zilikuwa na sindano."

"Nyingi," akaongeza mwingine. "Hii ina moja. Basi ni ya kale zaidi!"

"Na huo uzi?" aliuliza mwalimu wa hesabu, kwa sauti ya mtu anayejua atajuta.

"Ndio wino wa wakati ule," alisema daktari. "Na mpini huu ni wa dharura, umeme ukikatika. Ndugu zangu, walituzidi akili!"

"Ni ya kushonea nguo," alisema dada. "Nimeishonea nguo miaka kumi na tisa."

Daktari alimwekea mkono begani. "Mama, sikulaumu. Hukuwa na wa kukueleza. Umekuwa na kompyuta ndani ya nyumba, ukaitumia kushonea tu."

Dada alikuja pale akiwa tayari kugombana. Lakini yule mama mkutubi alikuwa ameacha kufuma, akamvuta pembeni kwa kidole kimoja.

"Mama yangu alikuwa nayo kama hiyo," alinong'ona. "Usijisumbue, mwanangu. Mwaka juzi walinunua mizani ya kupimia barua. Mpaka leo wanaitafutia skrini."

Dada alimtazama mkutubi. Alimtazama daktari anayejipangusa jasho. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa ameanza kutabasamu tena pale mlangoni, maana alikwishanusa kwamba ameponea chupuchupu. Tabasamu lile ndilo lililomkata dada maini, na ndilo lililomfungua akili.

"Basi nimeelimika," alisema. "Lakini printa lazima ichape, siyo? Mnajuaje kama nzima?"

Wanachama walitazamana. Mbichi ilikwishafunguliwa, haikuwa na ubichi tena wa kulinda.

"Hii huchapa kwenye kitambaa," dada aliendelea. "Karatasi hazikuwa nyingi zamani zile. Nina vitambaa arobaini vimekatwa tayari kwa kipimo chake. Mistari mirefu ya pembeni, iliyonyooka. Ikitoa yote arobaini bila kupinda, mjue ni nzima."

"Nani ataiendesha?" aliuliza daktari.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyekwenda kwenye faili, maana hesabu zilikuwa zimekataa tangu Alhamisi na alitaka mtu wa kulipia. Aliisoma karatasi kwa sauti kubwa, mpaka kwenye "popote na wakati wowote," mpaka kwenye mkia wa sahihi.

"Dada," alisema Dhamana, "mimi sijui hata kutunga uzi."

"Umeijua tangu utotoni. Umeandika mwenyewe."

Askari mstaafu alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa akiuegemea. Mama mkutubi alisogeza kiti chake karibu na mashine na kutoa mkasi. Mshono ukipinda, alisema, atafumua, na printa itarudia ukurasa.

Mafungu ya sare yaliletwa, na Dhamana akazungusha mpini tangu mchana ule mpaka kiza, na Jumapili tangu asubuhi. Alichomwa sindano mara sita. Kila alipopiga yowe daktari alimkanya asiichezee mashine ya makumbusho, na kila mguu wa kaptula ulipotoka wanachama waliuinua kwenye mwanga, wakaupitisha mkono kwa mkono, wakasifu unadhifu wa chapa. Mkutubi alifumua ishirini na tatu.

Dada naye aliingia dukani na ile bahasha. Alibembeleza bei mpaka muuzaji akataka kulia, akatoka na cherehani ya umeme na chenji. Usiku mzima alishona kola, mifuko na vifungo kwenye kila kilichofikishwa kwake. Kama katika habari hii kuna aliyeibiwa, mpaka leo hajajitokeza kudai.

Jumatatu asubuhi sare arobaini zilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu. Alizigeuza, akavuta mishono, akaridhika, akauliza kama fundi angeweza pia sketi themanini kabla ya mwisho wa mwezi. Alihofia mtu mmoja hataziweza.

"Nitaziweza," alisema dada. "Siku hizi nina mashine mbili. Moja ya umeme, iko nyumbani. Nyingine ni kompyuta, na ina mtu wake."